Amana kwa Wasiozaliwa

Mtu huweka vitu kwa namna tatu. Huweka akiba, na akiba ni yake mwenyewe kwa siku ya shida. Huweka urithi, na urithi ni wa mtoto wake ambaye uso wake anaujua. Huweka amana, na amana ni haki ya mwingine iliyotiwa mkononi mwake aifikishe bila ya kuipunguza wala kuiharibu. Namna hii ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mwenye akiba akiila mapema, njaa itakuwa yake; mrithi akitapanya urithi, hasara itakuwa yake; lakini mchukuzi wa amana akiipoteza njiani hana udhuru. Basi iko amana moja ambayo uzito wake haufikiriwi mara nyingi, nayo ni habari ambayo walio hai huwawekea watu ambao hawajazaliwa: jinsi watu wa zamani hizi walivyokula, walivyovaa, walivyocheza na walivyofanya kazi. Watu wazima aghalabu huiacha amana hii mikononi mwa bahati. Katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania darasa moja la watoto lilikataa kufanya hivyo, na kisa chao kinastahili kuandikwa.

Kisa kilianza Isimila. Isimila ni korongo lililo kiasi cha kilomita 20 kutoka mji wa Iringa, karibu na barabara kuu iendayo Mbeya. Mvua na upepo wa zama nyingi vimelichonga hata vikasimamisha nguzo za udongo zinazompita mtu kwa kimo mara nyingi. Chini ya nguzo hizo, katika mchanga wa kijito kinachokauka kiangazi, yametapakaa mawe yaliyochongwa kwa mkono wa binadamu. Mwaka 1951 mpita njia mmoja, D. Maclennan wa shule ya St Peter's ya Johannesburg, aliyekuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Afrika Kusini, aliyaona mawe hayo akaokota baadhi yake. Mwaka 1957 na 1958 mtaalamu Mmarekani, F. Clark Howell, alichimba hapo pamoja na wenzake. Yakaonekana mashoka ya mkono yasiyo na mpini, mawe ya kupasulia, mawe ya kukwangulia, na mifupa ya wanyama, miongoni mwao kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Kipimo kilichotangazwa mwaka 1972 kilikadiria umri wa vitu hivyo kuwa kiasi cha miaka 260,000.

Mwalimu wa shule moja ya msingi ya mkoa wa Iringa, mwanamke wa makamo aliyezaliwa Kyela katika mkoa wa Mbeya, aliwapeleka hapo wanafunzi wake wa darasa la sita. Watoto walishuka korongoni kwa mbio na kelele, kama ilivyo desturi ya watoto wanapotolewa darasani. Lakini walipoonyeshwa mawe yale kelele zilipungua zenyewe. Msichana mmoja alipewa ruhusa ya kushika jiwe moja. Lilikuwa zito, limechongoka mbele na kuviringana nyuma, na sehemu ya nyuma iliingia katika kiganja chake kama iliyokatwa kwa kipimo chake.

"Mwalimu," akauliza, "linaitwaje?"

"Linaitwa shoka la mkono."

"Nani analiita hivyo?"

"Wataalamu wa mambo ya kale."

"Nauliza wenyewe, Mwalimu. Wenyewe waliliitaje?"

Mwalimu alikiri kwamba hapana mtu duniani awezaye kujibu swali hilo. Jiwe limevuka miaka 260,000 bila ya kupoteza ncha yake, na jina lake halikuvuka hata hatua moja baada ya mtu wa mwisho aliyelitamka. Katika gari la kurudi watoto walikuwa kimya kuliko walipokwenda. Walipokaribia shule mvulana mmoja akasema, "Na sisi, Mwalimu, wakituchimbua, watatujua kwa nini?" Hapo ndipo lilipozaliwa shauri la kuweka sanduku la vitu vya kila siku, lifukiwe ardhini, ili wachimbuaji wa zama zijazo wapate kuwajua watoto wa Iringa kwa maneno ya watoto wenyewe.

Juma la kwanza meza ya mwalimu ilijaa fahari. Yaliletwa maua ya plastiki, saa ya ukutani isiyokwenda, simu ya mkononi iliyokufa, medali ya mbio, kalenda yenye picha ya jengo refu la Dar es Salaam, na kikombe cha kaure ambacho hakinywewi ila na mgeni. Mvulana yule aliyeuliza swali garini, ambaye aliishi na bibi yake, alileta koroboi: kopo dogo la dawa lililotobolewa mfuniko, likatiwa utambi wa kitambaa, limeungua shingo kwa moshi. Darasa lilicheka. Mmoja wao akasema, "Unataka waseme tulikuwa maskini?"

Katika sentensi hiyo ya mtoto mlikuwa na aibu ya watu wazima wengi. Mtu akiitwa kupigwa picha huazima koti, na picha ikitoka hulikuta koti si lake, lakini uso umekwisha kuwa wake ndani ya koti la mwenzake. Wajukuu wakiiona picha hiyo husema babu alikuwa na makoti mazuri. Mapenzi ya kupendeza machoni pa watu si kosa. Kosa ni kuyatia mapenzi hayo katika amana, kwa sababu mpokeaji hana njia ya kumwuliza mtoaji. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamelijua hili zamani. Ndiyo sababu huliamini jaa kuliko jumba la mfalme. Jumba limejengwa ili litazamwe, na jaa halikukusudiwa mtazamaji yeyote. Mawe ya Isimila yaliachwa na watu waliokwisha maliza kazi yao wakaenda zao, na kwa kuwa hawakukusudia kumdanganya mtu, hawakumdanganya mtu.

Mwalimu hakukemea kicheko. Aliinua saa ya ukutani akauliza, "Saa hii imemwamsha nani leo?" Hakujibu mtu. Aliinua kikombe cha kaure akauliza, "Nani amenywea uji wa asubuhi humu?" Kimya. Aliinua koroboi akauliza, "Nani amewahi kusomea kwa taa hii?" Mikono ikainuka mmoja mmoja, wa kwanza kwa haya, wa mwisho kwa haraka, hata ikawa mingi. Koroboi likabaki mezani, na vitu vya fahari vikarudishwa majumbani.

Kisha aliwaeleza kwamba hawakuwa wa kwanza katika jambo hili. Mwaka 1938 kampuni ya Westinghouse ya Marekani ilifukia katika uwanja wa maonyesho ya dunia wa New York chombo cha madini chenye umbo la risasi kubwa, kilichotiwa vitu vidogo vya matumizi pamoja na habari nyingi zilizopigwa katika filamu. Mlikuwa na kofia ya mwanamke, mswaki, kifungulia makopo na kikombe cha mtoto. Chombo hicho kimeagizwa kifunguliwe mwaka 6939, yaani baada ya miaka 5,000. Waliokifukia walifikiri pia kwamba katika muda huo Kiingereza chenyewe huenda kikawa lugha iliyokufa, wakachapa kitabu chenye ufunguo wa lugha hiyo, nakala zake zikapelekwa katika maktaba za nchi nyingi. Watu hao walikuwa wamelisikia swali la msichana wa Isimila kabla halijaulizwa.

Mwaka 1977 Wamarekani walirusha angani vyombo viwili viitwavyo Voyager, na kila kimoja kilichukua sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye picha, muziki na salamu za binadamu katika lugha 55, kwa yeyote atakayekutana nayo katika giza la nyota. Kiganda kimo katika salamu hizo. Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo. Watoto walipoambiwa hivyo walinung'unika kama waliosahauliwa katika karamu ya jirani. Msichana mmoja aliuliza kama inawezekana kuirudisha sahani ile ili salamu iongezwe. Mwalimu alijibu kwamba vyombo vile vimekwisha kuvuka mpaka wa upepo wa jua, kimoja mwaka 2012 na cha pili mwaka 2018, wala havirudi. Asiyekuwapo wakati wa kufunga mzigo hamo ndani ya mzigo. Funzo hili lilikaa katika mioyo ya watoto kuliko mengine yote, na tangu siku ile hapana aliyechelewa siku ya sanduku.

Mwezi wa Novemba, mvua zilipokaribia, mwalimu alitoa shauri la kuijaribu ardhi kabla ya kuiamini. Nyuma ya darasa lilichimbwa shimo. Kabla halijafika kina cha goti, jembe lilitoa mfuko mweusi wa dukani, umekunjamana lakini mzima. Mifuko ya namna hiyo ilipigwa marufuku Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Mlinzi wa shule, mzee aliyekuwa akiwasaidia kuchimba, akacheka akasema, "Kumbe rambo bado wapo!" Watoto wakatazamana. Mfuko waliutambua, jina hilo, ambalo nchi nzima ilikuwa ikilitamka sokoni kila siku, wengi wao hawakulijua. Kitu kilikuwa mikononi mwao, na jina lake lilikwisha kuanza safari ya kwenda kusikorudi. Haikuwahitaji kungoja miaka 260,000.

Katika shimo walitia kasha la mbao, na ndani yake daftari, mwiko, kipande cha kanga, kikapu kidogo cha milulu kama vile wanawake wa Iringa wafumavyo, kipande cha mwanzi wa kukingia ulanzi, kopo la bati, gololi, kizibo cha chupa cha plastiki, na gunzi la mhindi. Mwalimu aliongeza kigae cha chungu cha Wakisi. Wakisi ni watu wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na wanawake wao wa Ikombe hufinyanga vyungu vinavyouzwa katika soko la Matema na kuchukuliwa mbali. Chungu hicho kilikuwa cha mama yake mwalimu, kikavunjika katika kuhamahama kwake kikazi, naye hakupata moyo wa kukitupa.

Mvua zilipokwisha walifukua. Kasha lilikuwa limekuwa njia ya mchwa. Daftari lilibaki pini zake mbili zenye kutu. Mwiko ulikuwa na umbo la mwiko, na ulipoguswa ukavunjika kama mkate mkavu. Kanga ilikuwa nyuzi chache zisizo na rangi wala maandishi. Kikapu na mwanzi vilikuwa udongo. Kopo lilikuwa kutu. Lakini gololi iling'aa kama siku iliyotiwa, kizibo cha plastiki hakikubadilika hata kidogo, na kigae kilipofutwa kwa kidole kilionyesha nakshi zake zote. Wahenga wamesema akiba haiozi. Kweli, lakini walisema juu ya akiba iliyo ghalani, wala hawakumdhamini mchwa.

Mwalimu aliwataka wasome shimo lile kana kwamba wao ni wachimbuaji waliotoka zama nyingine. Majibu yalikuja na vicheko: watu hawa walikula plastiki, watu hawa hawakuvaa nguo, hawakujua kusoma, hawakufuma, hawakukinga ulanzi, kazi yao ilikuwa kucheza gololi. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu walikumbuka Isimila. Watu wa kale wanaitwa watu wa Zama za Mawe kana kwamba hawakuwa na kitu kingine ila jiwe, na kumbe jiwe ndilo lililosalia. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba katika maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa yakakaa moja juu ya jingine kwa pengo lililokatwa kwa makusudi, umri wake kiasi cha miaka 476,000. Maji yaliyazuia yasioze. Bila ya bahati ya maji hayo, ufundi wa maseremala wale ungalikuwa kama usiopata kuwako.

Funzo la shimo lilieleweka, na mmoja alilielewa kupita kiasi. Mvulana wa koroboi aliona kwamba kitu kishindacho ardhi ni jiwe na udongo wa kuchomwa. Kesho yake alifika shuleni mapema, jasho likimtoka, na juu ya meza ya mwalimu akaweka jiwe la kusagia, lile la juu lishikwalo kwa mikono. Safari hii hapana aliyecheka. Ilikubaliwa na wote kwamba jiwe hilo lingekuwa mfalme wa sanduku.

Asubuhi ya pili bibi yake alisimama mlangoni mwa darasa, amejifunga kanga mbili, mikono nyuma. Watoto walisimama wakamwamkia shikamoo kwa sauti moja, naye akaitikia marahaba huku macho yake yakitafuta juu ya meza.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Bibi. Karibu ndani."

"Nimekaribia. Nimefuata jiwe langu. Naambiwa mnataka kulizika."

Mwalimu, ambaye hakujua kwamba jiwe lilitoka nyumbani bila ya ruhusa, alimtazama mvulana, na mvulana aliitazama sakafu. Akaeleza kwa adabu habari za sanduku na za watu wa zama zijazo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, kwetu huzikwa kilichokufa. Jiwe hili juzi lilikuwa na kimea tumboni. Leo ulezi wangu umelala juani hauna wa kuusaga. Hao watu wa mbele wakilipata watapata nini?"

"Watatujua, Bibi."

"Watajua nini?"

Hapana aliyejibu. Bibi alilichukua jiwe, akaligeuza, akawaita watoto walio mbele wasogee. Aliwaonyesha mahali palipolika pakawa kama kikombe kidogo, upande mmoja kuliko wa pili. "Tazameni. Shimo hili liko huku kwa sababu mama yangu alitumia mkono wa kushoto. Jiwe lilikuwa lake. Mimi ni wa kulia. Miaka yangu yote nasaga na kiganja changu kimekosana na shimo, na bega likiniuma namkumbuka mama. Hilo watalijua?"

Kisha, bila ya kuombwa, alieleza kazi yote. Alieleza jinsi msagaji apigavyo magoti na jinsi uzito utokavyo mgongoni, si mikononi; jinsi jiwe linapolainika linavyogongwagongwa kwa jiwe jingine gumu zaidi ili lipate meno mapya; jinsi unga wa siku hiyo unavyotupiwa kuku kwa sababu una chembe za mchanga; na kwa nini mahindi yamekwenda mashineni, bali kimea na karanga vimebaki kwake. Msichana aliyeshika jiwe la Isimila aliinua mkono.

"Bibi, linaitwaje?"

Bibi alitaja kwa Kihehe jina la jiwe la juu, jina la jiwe la chini, na jina la kazi ya kulitia meno. Msichana akaandika, akamsomea, akasahihishwa, akaandika tena. Swali ambalo korongoni halikuwa na mjibuji lilijibiwa darasani katika muda wa kuvuta pumzi. Tofauti baina ya majibu mawili haya haikuwa elimu ya mjibuji. Ilikuwa kwamba mmoja aliulizwa angali hai.

Alipoinuka kwenda zake bibi alimwambia mvulana, "Mjukuu wangu, ulilileta kwa siri, utalirudisha mchana kweupe." Akalichukua kichwani. Jiwe lilikuwa zito na njia ilikuwa ndefu. Walipofika kwenye mti wa kwanza wale waliocheka koroboi walikuwa wamemfuata, wakawa wanapokezana.

Mwalimu aliona kwamba jambo hili lina kina kuliko adabu ya mtoto. Kabla ya kufunga sanduku aliwapeleka Kalenga, palipokuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, mahali ambapo Wajerumani walipateka mwaka 1894. Mkwawa aliendelea kupigana msituni, na tarehe 19 Julai 1898 alijiua kuliko kushikwa. Kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo katika miezi sita. Halikurudi. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, na huko likachaguliwa fuvu moja miongoni mwa mengi kwa kulipima na kulilinganisha na vipimo vya vichwa vya jamaa zake Mkwawa. Mwaka 1954 lilikabidhiwa kwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, nalo limewekwa Kalenga hata leo.

Watoto walisimama mbele ya sanduku la kioo, na mwalimu hakusema mengi. Kwa miaka 56 Wahehe walikuwa na jina, na habari, na huzuni, bila ya kichwa. Kwa miaka hiyo hiyo kichwa kilikaa katika kabati la ugenini bila ya jina. Kila upande ulikuwa na nusu ya amana, na nusu moja haikuweza kusema bila ya mwenzake. Aliyetenganisha kitu na watu wake hakuiba kitu peke yake. Aliiba na maneno yake. Mvulana wa koroboi, ambaye alikuwa amelitoa jiwe la bibi yake alfajiri bila ya kuaga, alikaa mbele ya kioo kile kuliko wenzake, na walipotoka hakusema neno mpaka shuleni.

Kanuni ya sanduku ilitungwa na watoto wenyewe siku iliyofuata, nayo ilikuwa fupi. Hakitiwi kitu ambacho mwenyewe hakukitoa. Hakitiwi kitu kinachohitajiwa na wanaokitumia. Huchorwa, huelezwa, kikabaki kazini. Na kila kitu, kiwe kimetiwa au kimechorwa, kiwe na karatasi yake: jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kazi yake, mtu aliyekieleza, na jambo moja ambalo mtu asingalilijua kwa kukitazama.

Mwalimu alimpelekea habari mdogo wake, aliye mwalimu pia katika jiji la Mbeya, na watoto wa huko wakaomba wasiachwe nje ya mzigo. Walileta vitu vyao na karatasi zao. Mmoja alileta tikiti ya baba yake ya treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 baina ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Jambo lisiloonekana katika tikiti, aliandika, ni kwamba treni ilichelewa na baba alikuta mtoto amekwisha kuzaliwa. Mwingine alileta sado. Mgeni akiliona atasema ni kopo la rangi, wala hatakuwa amesema uongo, kwa kuwa jina lenyewe limetokana na rangi ya Sadolin iliyokuwamo. Karatasi ilieleza kwamba kwa kopo hilo hupimwa mchele wa Kyela na viazi vya milimani. Kwamba muuzaji mwema huweka kilele, na mchoyo hupiga kitako cha kopo kwa ndani kikapanda. Mchimbuaji yeyote wa mwaka 6939 angaliweza kulipata kopo. Kilele cha mchele asingalikipata.

Kwa kuwa ardhi imekwisha kujaribiwa, sanduku halikuwa sanduku. Kilinunuliwa chungu kikubwa cha Wakisi chenye mfuniko. Karatasi zilitiwa katika chupa za kioo zilizozibwa kwa nta. Nakala ya karatasi zote iliandikwa katika daftari kubwa la kabatini shuleni, na nakala ya pili ikapelekwa Mbeya, ili ikipotea njia moja isalie nyingine. Koroboi liliingia chunguni, kwa sababu bibi mwenyewe alilitoa: sasa alikuwa na taa ya jua.

Yakabaki mashindano juu ya mwaka wa kufungua. Wengine walitaka miaka 5,000 kama Wamarekani. Wengine 100, wapate kuwamo wajukuu wao. Msichana wa Isimila akasema chungu kifunguliwe siku watu watakapoanza kusahau majina. Mvulana wa koroboi akamjibu, "Basi tufungue leo. Rambo tumekwisha kulisahau." Darasa likacheka, kisha likaona kwamba amesema kweli. Ikaamuliwa kwamba chungu kikae ardhini kwa miaka 100, lakini daftari lisingoje: kila mwaka darasa jipya la sita lilisome tangu ukurasa wa kwanza, na kila jina lisilofahamika tena liwekewe alama, likaulizwe kwa wazee wangali hai.

Mwaka uliofuata darasa jipya lilikaa chini likasoma. Lilipofika ukurasa wa nne mtoto mmoja, ambaye kwao umeme ulifika kabla hajajua kusoma, aliinua mkono akauliza koroboi ni nini. Mwalimu hakujibu. Alimwashiria aendelee kusoma, na mistari mitatu mbele yake akajibiwa na mtoto aliyemtangulia.